Rili ya mjomba imekwama baada ya kuletwa Nairobi kutoka Shimoni. Nianzie wapi kuifungua?

FundiWaLuthuli
Jumanne, saa 3:10 usiku

Hamjambo nyote. Mimi ni binti, fundi wa simu, nina meza yangu Luthuli Avenue, ghorofa ya pili, huu mwaka wa tisa. Mambo ya uvuvi siyajui sana, lakini nimeletewa kazi ambayo siwezi kuikataa.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, ni nahodha wa mashua ndogo ya injini pale Shimoni. Huwapeleka wageni kuvua kwenye mkondo wa Pemba. Ana rili mbili tu, zile mashine za kwenye ufito zinazoviringa mshipi, na hii ndiyo kubwa. Ni ile ya spuli (kibiringo cha mshipi) ya mbele, ukubwa namba 6000, bodi ya alumini. Kampuni siitaji kwa sababu sioni kama kosa ni lao. Mwezi uliopita mgeni alinasa nguru, breki, ile inayoachia mshipi taratibu samaki akivuta, ikakataa kuachia vizuri. Inakaza, inashtuka, inaachia ghafla, inakaza tena, mpaka mshipi ukakatika. Tangu siku hiyo mkono wa kuzungushia nao ukawa mzito, ukizungusha unasikia kitu kinakwaruza ndani. Mjomba akanipigia: "Si wewe unafungua vitu vidogo kuliko hivi? Nakutumia." Akaiosha, akaiviringisha kwenye kanga, akaipakia basi.

Nilikuwa na kazi nyingi, ikakaa kabatini kwangu Kayole karibu wiki tatu. Jana nimefungua ile kanga, katikati ilikuwa bado mbichi. Mkono sasa haugeuki kabisa. Kuzunguka vichwa vya skrubu kuna unga mweupe kama chokaa. Kile kigurudumu kidogo kwenye upinde wa waya, ambacho mshipi hupitia, kimeganda.

Vifaa ninavyo: bisibisi ndogo za kila aina, pasi ya kulehemu, mashine ya hewa ya moto, spiriti ya kusafishia bodi za simu, na hadubini ya mezani. Ninachotaka kujua ni mpangilio wa kuifungua, na mafuta gani yanaingia wapi.

Jambo jingine linanisumbua. Mjomba anaapa kwamba haijalala na chumvi hata siku moja. Kila jioni akirudi anaiosha kwa maji mengi, na mimi namwamini, ni mtu wa kutunza vitu vyake. Sasa chumvi yote hii imetoka wapi?

Kaskazi inaelekea ukingoni. Anaitaka kabla kusi haijaanza kuvuma.

---

KijanaWaSouthB
Jumanne, saa 3:42 usiku

Usijisumbue kuifungua yote. Nunua kopo la WD-40, puliza kila tundu, iache usiku kucha, asubuhi utaona inageuka. Yangu ilikwama baada ya Kilifi nikafanya hivyo, ikafunguka.

---

Mzee_wa_Mkondo
Jumatano, saa 12:20 asubuhi

Mwanangu, umeeleza vizuri na umenirahisishia kazi. Mimi ni mzaliwa wa Kilifi, niko Nairobi tangu 1994. Rili za watu nazifungua jioni nyumbani, meza yenyewe ni ile ile tunayolia chakula. Nyingi zinazonifikia huja na maneno ya mjomba wako: "Lakini niliiosha kila siku." Na wengi wao wanasema kweli.

Kabla hujashika bisibisi, mpigie mjomba umuulize anaiosha kwa maji gani. Kama ni ya kisima kilicho nyuma ya nyumba, karibu na mikoko, muulize pia kama sabuni ya kipande inatoa povu kwenye maji hayo au inakatika vipande vipande. Ardhi ya huko chini ni jiwe la matumbawe, lina matundu kama sifongo, na bahari hujipenyeza chini kwa chini. Kuna visima ambavyo mtu amevizoea tangu utotoni hata ulimi wake hausikii tena ile chumvi. Anayanywa, anapikia, anaoshea rili. Kipimo rahisi ni hiki: adondoshe tone moja kwenye kioo cha kujitazamia, aliache likauke kivulini. Likiacha doa jeupe ambalo ukipitisha kidole unahisi unga, hayo si maji ya kuoshea rili.

Maji ya bahari yana chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila lita, kama vijiko vikubwa viwili. Ya kisima yatakuwa na kiasi kidogo tu cha hiyo. Lakini ukimwagia kila jioni, na maji yakakaukia ndani ya rili, kila jioni unaongeza tabaka jembamba juu ya lile la jana. Kwa mwaka mzima umeijaza chumvi kwa mikono yako mwenyewe, huku ukidhani unaiosha.

Sasa kwa nini imekwama Nairobi na si Shimoni? Chumvi huvuta maji kutoka hewani unyevu ukipita asilimia 75 hivi, na Pwani unyevu huo upo karibu kila usiku. Kwa hiyo kule ilikuwa majimaji, na mjomba alikuwa akizungusha mkono kila siku, haikupata nafasi ya kushika. Ilipokaa wiki tatu haiguswi, upande mmoja ulikauka chumvi ikawa mawe, na upande uliogusana na kanga mbichi ulibaki na maji ya chumvi yakiila alumini. Ule unga mweupe ni alumini yenyewe imeliwa. Skrubu ni ya chuma cha pua, bodi ni alumini, katikati kuna maji ya chumvi: hapo umetengeneza betri ndogo, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Wewe kazi yako ni simu zilizoanguka majini, jambo hili umeliona kwenye bodi mara nyingi kuliko mimi.

Kijana wa South B, asante kwa kumsaidia. Ila ningependa binti asiishie hapo. WD-40 ilitengenezwa kwa ajili ya kufukuza maji, hata jina lake limetoka kwenye kazi hiyo. Inasaidia kulegeza. Lakini inayeyusha grisi iliyo ndani na kuiondoa, na yenyewe haikai badala yake. Rili itageuka asubuhi, itageuka wiki mbili, halafu chuma kitasagana na chuma bila chochote katikati. Ikitumika, itumike kulegeza ili ufungue, isichukue nafasi ya kufungua.

Haya, kufungua. Tandika kitambaa cheupe ili kitu kikianguka ukione. Piga picha kila hatua. Legeza kifundo cha breki mpaka mwisho, vuta spuli itoke. Juu ya spuli kuna waya mwembamba ulioviringwa ukingoni. Uinue kwa ncha ya bisibisi huku umeweka kidole gumba juu yake, la sivyo utauokota chini ya meza ya jirani. Chini yake ndiko kuna washa za breki, visahani vyembamba vyenye tundu katikati: moja ya kaboni, moja ya chuma, moja ya kaboni, hivyo hivyo. Zitoe na uzipange kwenye kitambaa kwa mstari, kwa mpangilio zilivyotoka, na upande uliokuwa juu ubaki juu. Baadhi ya zile za chuma zina masikio yanayoingia kwenye spuli, nyingine zina tundu lililonyooka pembeni linaloshika mhimili. Ukizibadilisha nafasi, breki haitafanya kazi.

Kisha mkono. Kwenye rili nyingi mkono unajifunga kwa uzi wake, na uzi wa upande wa kushoto unakwenda kinyume na wa kulia. Halafu nati ya rota, kile kichwa kinachobeba upinde wa waya na kuzunguka. Kwenye rili nyingine hiyo nayo inafunguka kinyume, kwa hiyo jaribu pande zote mbili kwa upole kabla ya kutia nguvu. Rota ikitoka utakutana na beringi ya njia moja, ile inayozuia mkono usirudi nyuma. Humo ndani mna vibiringi vidogo vyembamba kama vijiti vya kiberiti. Hiyo ioshe kwa spiriti yako mpaka itoke safi, ikauke, halafu tone moja la mafuta mepesi. Grisi usiiweke hapo kamwe. Grisi nzito inavizuia vile vibiringi kushika, na siku samaki akivuta, mkono utarudi nyuma kwa kasi na kumvunja mgeni vidole.

Mwisho, kifuniko cha ubavuni. Hapo ndipo skrubu zitakataa. Usitumie ile mashine ya hewa ya moto, kuna sehemu za plastiki ndani. Tia mafuta ya kupenya kutu, acha mpaka kesho. Na kama rili ni ya Kijapani, bisibisi ya msalaba ya kawaida haiingii sawasawa. Ncha yake hupanda juu na kuchuna kichwa cha skrubu. Tafuta bisibisi ya msalaba wa Kijapani. Mafundi wa pikipiki wanaijua.

Ukifika hapo andika, nitakuwepo.

---

Rongai_Kwetu
Jumatano, saa 7:05 mchana

Mzee, umenifungua macho. Mimi hushuka na treni Mombasa mara tatu nne kwa mwaka, nikirudi naosha rili nyumbani Rongai kwa maji ya borehole, na birika letu lina ukoko mweupe ndani wa unene wa ukucha. Na bado huwa nashangaa kwa nini spuli inafanya madoa chini ya mshipi. Je, hayo ya Rongai nayo ni yale yale?

---

Mzee_wa_Mkondo
Jumatano, saa 2:30 usiku

Ukoko wa birika ni chokaa zaidi kuliko chumvi, haukuli chuma kwa kasi ile, lakini sitayatumia kwenye rili ikiwa kuna mvua. Kinga maji ya mvua, tia kwenye chupa. Anayekaa kwenye mtaa wenye maji ya bwawa la Ndakaini, hayo ni laini, yanatosha kabisa.

Ila madoa yako yanatoka kwingine. Mshipi wa kusuka unabeba maji ya bahari kama utambi wa taa. Unamwagia juu, mita 20 za kwanza zinapata maji safi, zile 200 za chini zinabaki na bahari yake, na zimelala moja kwa moja juu ya alumini. Ukifika nyumbani, utoe mshipi wote, uuzungushie kwenye ndoo yenye maji ya uvuguvugu, uache saa moja. Spuli ioshe ikiwa tupu, ikaushe, upake nta nyembamba ya gari kabla ya kurudisha mshipi.

---

FundiWaLuthuli
Jumapili, saa 1:15 usiku

Shikamoo mzee. Nimempigia mjomba. Maji ni ya kisima. Sabuni haitoi povu, na wanajua hivyo, shangazi hufulia kwa maji ya jabia, lile tangi la maji ya mvua. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba rili nayo inastahili maji ya jabia. Lile tone kwenye kioo limeacha doa. Alinyamaza kidogo kwenye simu, halafu akasema, "Basi nimekuwa nikiitia chumvi mwenyewe miaka miwili."

Nimeshinda nayo leo tangu asubuhi. Nitaeleza nilichokiona kwa sababu huenda kikamfaa mwingine.

Washa za breki zilikuwa zimeshikana kama sarafu zilizolowa soda zikakauka. Mjomba huiweka rili na breki ikiwa imekazwa, hivyo maji yalibanwa humo humo yakose pa kutokea. Nilizitia kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, nikasubiri dakika kumi, zikaachana zenyewe. Za kaboni hazijaumia. Za chuma mbili zina mduara wa kahawia, nikazisugua kwa karatasi laini ya msasa iliyolowa mpaka zikalala bapa juu ya kioo bila kucheza.

Nati ya rota kweli ilifunguka kinyume. Ningekuwa sijasoma hapa ningeivunja.

Ile beringi ya njia moja niliiweka chini ya hadubini kabla ya kuiosha. Kwenye simu zilizoanguka majini nimezoea kuona ukungu wa kijani na mweupe. Hapa palikuwa na vijiwe, vimekaa katikati ya vibiringi, na kila kimoja ni mraba kamili, pembe zake zimenyooka kama sukari ya vipande. Vinapitisha mwanga. Nilivitazama kwa muda mrefu. Nilidondosha tone la maji safi pembeni, nikaona pembe zinalainika, kisha jiwe zima likapotea katika muda wa kuhesabu ishirini. Nikaelewa kwamba kitu kilichoifunga rili yote kilikuwa kinasubiri maji safi tu.

Gia ndogo ya shaba imegeuka kijani upande mmoja, lakini meno ni mazima. Gia kubwa ni nzima. Grisi iliyokuwepo imekuwa kama uji wa kijivu.

Sasa tatizo. Kifuniko cha ubavuni kilikuwa na skrubu nne, tatu zimetoka. Ya nne, iliyo karibu na mguu wa rili, imekataa. Nilitia mafuta tangu Alhamisi. Kichwa kimeanza kuchunika kidogo, nikaacha nisije nikaharibu. Nimeona ndani kwa kukiinua kifuniko upande mmoja, ndiyo maana nimeweza kueleza hizo gia. Nisubiri au kuna njia?

---

Mzee_wa_Mkondo
Jumapili, saa 2:00 usiku

Marahaba mwanangu. Umefanya vyema kuacha. Skrubu nyingi zinaharibika kwa dakika tano za hasira.

Chukua pasi yako ya kulehemu, ncha nene. Iweke juu ya kichwa cha skrubu peke yake, usiguse bodi, ushikilie dakika moja mpaka moja na nusu. Chuma kikipata joto kinatanuka na ule unga uliokibana unapasuka. Tia tone la mafuta wakati bado ina uvuguvugu, litavutwa ndani. Ikishapoa kabisa, bonyeza bisibisi kwa uzito wa bega lako, na kwanza ukaze. Ndiyo, ukaze, nywele moja tu. Ukisikia "tik", hapo imeachia. Sasa legeza robo, kaza kidogo, legeza robo. Isipotoka mara ya kwanza rudia joto. Mimi kuna moja nilirudia mara sita kwa siku mbili.

Ikitoka, lile tundu lisafishe kwa kijiti cha meno na siki kidogo, kisha suuza upesi kwa maji. Siki ikikaa inaila alumini nayo. Wakati wa kurudisha, kila skrubu ipake grisi kwenye uzi wake. Grisi hiyo ndiyo ukuta kati ya vile vyuma viwili. Rili mpya kutoka dukani mara nyingi skrubu zake ni kavu, ndiyo maana mimi hata mpya naifungua kabla haijaona bahari.

Beringi je? Zizungushe kila moja kwenye kidole. Inayokwaruza baada ya kuoshwa haina tiba, badilisha. Na ukizitoa, angalia nyuma ya gia kubwa. Kunaweza kuwa na pete nyembamba kama karatasi imenata kwenye grisi. Ukiitupa pamoja na kitambaa, gia zitacheza maisha yote na hutajua kwa nini.

---

FundiWaLuthuli
Jumanne, saa 3:30 usiku

Ilitoka kwenye joto la pili. Ule mlio niliusikia kwenye kiganja kabla ya sikio. Majirani wa meza za pembeni walikuja kuangalia skrubu, mmoja akaomba aonyeshwe tena kwenye fremu ya simu yenye skrubu zilizoshika.

Ile pete ya karatasi ilikuwepo, mbili kabisa, zimenata kwenye uji ule. Nimeziosha na kuziweka kwenye kifuniko cha chupa kwa jina lao.

Beringi zilizokufa ni nne. Nimezipima: mbili zinazoshika gia kubwa ni tundu milimita 8, nje 16, unene 5. Moja ya gia ndogo ni 7 kwa 14 kwa 5. Ya kigurudumu cha mshipi ni ndogo sana, 4 kwa 7 kwa 2.5. Leo mchana nilikwenda Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri vya magari. Duka la kwanza walitaka namba ya gari. La tatu, mzee mmoja nyuma ya kaunta alizitazama tu akasema, "688 mbili, 687 moja," akazitoa kwenye droo bila kupima. Ile ndogo hana. Hizo tatu anazo za chuma cha kawaida tu, akaniambia ukweli kwamba chuma cha pua ni mpaka aagize. Nimenunua hizo tatu kwa sababu muda unakwenda. Nimekosea?

---

Mzee_wa_Mkondo
Jumanne, saa 4:05 usiku

Hujakosea. Zile tatu zinakaa ndani ya bodi, hazipigwi na mawimbi moja kwa moja. Za chuma cha kawaida zinapata kutu upesi zikifikiwa na maji ya chumvi, kwa hiyo usiziachie nafasi: jaza grisi ya baharini, ile inayotumika kwenye injini za boti, mpaka itokeze pembeni, halafu ufute ya nje. Zitazunguka kwa uzito kidogo, lakini rili hii haihitaji kuruka, inahitaji kuvuta. Baada ya miezi sita ziangaliwe. Ukipata wakati, agiza zenye herufi S mbele ya namba, hizo ni za chuma cha pua.

Ya kigurudumu cha mshipi ndiyo isiyokubali mzaha. Kila mita ya mshipi inayorudi kutoka baharini inakamulia maji yake juu ya hiyo. Ndiyo inayokufa kwanza karibu kwenye kila rili. Hapo lazima chuma cha pua, na mafuta mepesi baada ya kila safari. Mimi ninayo moja ya kipimo hicho kwenye kikopo changu. Nakutumia ujumbe wa faragha, pitia uichukue, na usiniletee pesa.

Tahadhari kwa wengine wanaosoma: kama rili yenu ni Daiwa yenye maandishi ya Magsealed, msifungue wala msitie mafuta mahali palipofungwa kwa teknolojia hiyo. Ndani mna mafuta yenye chembe za sumaku yanayozuia maji, na mafuta mengine yakichanganyika nayo yanaiharibu. Hiyo ipelekeni kwa anayeijua.

Kwa grisi, binti: gia zipake kwa brashi, kila jino, lakini usishindilie bodi nzima. Washa za kaboni kuna grisi yake maalumu ya breki. Kama huna, ziache kavu. Kavu zinafanya kazi. Usizipake ile ya injini ya boti, breki itateleza. Beringi ya njia moja na kigurudumu, mafuta ya cherehani yanatosha.

---

KijanaWaSouthB
Jumatano, saa 1:10 asubuhi

Nimeifungua yangu jana usiku kwa kufuata maneno ya hapa. Ndani ni kavu kabisa, hakuna grisi hata ya kupaka ukucha. Meno ya gia yameanza kung'aa pembeni. Mzee, asante.

---

FundiWaLuthuli
Jumamosi, saa 2:45 usiku

Imefungwa. Nilivyozungusha mkono mara ya kwanza sikusikia kitu, nikadhani gia hazijashikana. Nikafungua upinde wa waya, nikaufunga, nikazungusha tena huku nimeweka sikio kwenye bodi. Ni mlio mzito kidogo wa grisi, basi.

Mzee, nashukuru kwa ile beringi, na mama anashukuru kwa madafu.

Imeondoka jana na basi la usiku, kavu, kwenye boksi la katoni lenye magazeti, breki imelegezwa. Nimemwandikia mjomba karatasi nikaibandika ndani ya boksi. Kabla ya kuosha akaze breki kidogo ili maji yasiingie kwenye washa. Anyunyizie maji ya jabia kwa upole kama mvua ya rasharasha, asitumie pampu wala bomba kali kwa sababu nguvu ya maji inasukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Asiizamishe kwenye ndoo. Aifute, aiache kivulini ikauke, kisha alegeze breki mpaka mwisho ndipo ailaze. Tone moja kwenye kigurudumu. Kanga ibaki ya shangazi.

Swali la mwisho. Breki aikaze kiasi gani akiwa na mshipi mpya? Amenunua wa kusuka unaohimili ratili 50.

---

Mzee_wa_Mkondo
Jumamosi, saa 3:20 usiku

Ratili 50 ni kama kilo 23. Theluthi ya hapo au chini kidogo, yaani kilo 6 mpaka 7. Asipime kwa mkono, mkono unadanganya. Achukue mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki, aifunge kwenye ncha ya mshipi, mtu mwingine ashike ufito umeinama kama una samaki, naye avute taratibu akitazama sindano. Breki nzima itaanza kuachia kwenye kilo 6 na sindano itakaa hapo hapo akiendelea kuvuta. Sindano ikiruka ruka, 5, 8, 5, bado kuna washa chafu au umezigeuza.

---

FundiWaLuthuli
Jumapili, saa 12:40 jioni

Amepima leo barazani, shangazi ndiye aliyeshika ufito. Nilikuwa kwenye simu nawasikia. Imeanza kuachia kwenye kilo sita na nusu, na sindano imekaa. Amevuta mpaka mlango wa jirani, haikushtuka hata mara moja. Kesho alfajiri anatoka na wageni wawili.